Maneno magumu ya Kiingereza: kwa nini kujua maana hakutoshi

Mtu akishavuka hatua za mwanzo za Kiingereza, akawa anafuatilia habari bila shida, anaandika barua inayoeleweka na anabishana bila kusakasaka maneno, hufika mahali maendeleo yakasimama. Anasoma makala ya uchambuzi au mkataba, na karibu kila aya ina neno linalomponyoka: "tenuous", "mitigate", "ostensibly", "reluctant". Sarufi ya sentensi anaielewa, na mada yenyewe anaijua. Lakini neno hilo moja ndilo lililobeba hoja ya mwandishi, na bila hilo sentensi nzima inabaki na tundu katikati.

Hapo wengi hutafuta orodha. Zipo nyingi, na zote zina sura moja: neno upande wa kushoto, maana upande wa kulia, mia moja au mia tano kwa mkupuo. Msomaji hukariri kwa bidii, na baada ya wiki chache mengi yameshayeyuka. Yale yaliyobaki akiyatumia, anayemsikiliza husita kidogo. Maana haijakosewa, ila kuna kitu hakijakaa sawa. Nataka kueleza kitu hicho ni nini, kwa sababu hakielezwi mara nyingi, na wanafunzi wengi huishia kuamini kwamba kichwa chao ndicho kibovu. Kichwa hakina kosa. Orodha ile imempa sehemu ndogo sana ya neno, kisha ikamwacha adhani amepewa lote.

Tabaka tatu katika lugha moja

Ugumu wa maneno haya una historia yake. Kiingereza kilianza kama lugha ya makabila ya Kijerumani, Waangli na Wasaksoni wakiwemo, yaliyohamia kisiwa cha Britania kuanzia karne ya 5. Maneno yao mengi yalikuwa mafupi na ya maisha ya kila siku, na hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa lugha: "eat", "house", "mother", "ask", "fear". Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alimshinda Harold, mfalme wa Uingereza, katika vita vya Hastings, na kwa karibu karne tatu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wakubwa. Sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza ilitungwa mwaka 1362, na kufikia wakati huo maneno mengi ya Kifaransa yalikuwa yameshaota mizizi. Kisha, katika karne ya 16 na ya 17, wasomi walichota moja kwa moja kutoka Kilatini na Kigiriki kila walipohitaji neno la sayansi, falsafa au dini, na mara nyingine hata pasipo haja. Si kila Mwingereza alifurahi. Mwaka 1553 Thomas Wilson aliwashutumu waandishi wa namna hiyo, akisema kwamba mama zao wangekuwa hai wasingeweza kueleza watoto wao wanasema nini.

Matokeo yake, wazo moja mara nyingi lina maneno matatu. Kuuliza ni "ask" lenye asili ya Kijerumani, "question" lililopitia Kifaransa, na "interrogate" lililotoka Kilatini. Kupanda ni "rise", "mount" na "ascend". Hofu ni "fear", "terror" na "trepidation". Orodha ya visawe huyapanga yote matatu kwenye mstari mmoja kana kwamba yanapokezana nafasi, ilhali hayapokezani. Anayekuuliza saa ngapi hafanyi "interrogate". Hilo ni neno la mpelelezi mbele ya mshukiwa. Na "trepidation" si hofu ya mtu anayekimbizwa na simba, bali ni wasiwasi wa mtu anayelikaribia jambo asilojua litaishaje.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Analo "kufa" la Kibantu na "kufariki" lenye asili ya Kiarabu, na kiini cha maana ni kilekile, lakini hakuna anayesema kuku wake amefariki. Analo "mwisho" na analo "hatima", na bila kufundishwa na mtu anajua kwamba barabara ina mwisho na taifa lina hatima. Hisia hiyo ya uzito wa neno ndiyo anayoihitaji katika Kiingereza pia, ila huko hakuna aliyemlea nayo.

Wala Waingereza hawakulelewa nayo wote. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alichapisha mjini London kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Haikujaribu kuorodhesha lugha nzima. Ilikuwa na takriban maneno 2,500 tu, yale magumu yaliyokopwa kutoka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, na aliokusudia kuwasaidia walikuwa wazawa wa lugha hiyo, watu waliokuwa wakiyasikia katika mahubiri na kuyakuta vitabuni bila kuyaelewa. Kamusi ile ilizaliwa kutokana na shida ileile inayomkuta msomaji wa leo. Maneno ya tabaka la juu mtoto hayaokoti nyumbani kwa kusikia tu. Mengi, mzawa na mgeni wote huyapata kwa kusoma.

Yapi kwanza

Kiingereza kina maneno mengi kupita uwezo wa mtu yeyote, kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kukariri ni lazima mtu ajue yapi ayaache. Paul Nation, mtafiti wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kukwamakwama kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia hapa ni neno pamoja na yote yaliyozaliwa nalo. Sisi tunayo "soma", "msomaji", "somo", "kisomo", "usomaji", "someka" na "somesha", na kwa hesabu hiyo yote ni familia moja. Vivyo hivyo "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical".

Idadi hiyo inatisha hadi uone mzigo ulivyogawanyika. Maneno machache hujirudia mno, na mengi hutokea kwa nadra. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya takriban maneno 2,000 ya msingi, ambayo peke yake hubeba sehemu kubwa ya karibu kila andiko. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa New Zealand kama Nation, alichambua maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi, akaweka kando maneno ya West, akabaki na familia 570 zinazojirudia fani baada ya fani: "derive", "significant", "imply", "subsequent", "constrain" na nyinginezo. Familia hizo hufanya takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya aina hiyo. Anayejifunza kumi kwa wiki anazimaliza kwa mwaka mmoja na wiki chache juu yake. Kwa kazi ya mwaka mmoja, sijui faida nyingine ya lugha inayokaribia hiyo.

Sasa tazama yale ambayo orodha nyingi hupenda kuyatanguliza. "Pulchritude" ni uzuri wa sura. "Defenestrate" ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Mtu anaweza kusoma magazeti mwaka mzima asikutane na lolote kati ya hayo. Kuyajua si kosa, na yana raha yake, lakini zamu yake iko nyuma sana ya "subsequent".

Isabel Beck na Margaret McKeown, watafiti wa Marekani, wameyagawa maneno katika ngazi tatu, na mgawanyo wao ndio ninaoupendekeza kwa yeyote anayepanga kujifunza. Ngazi ya kwanza ni maneno ya mazungumzo ya kila siku. Ya tatu ni ya fani maalumu: ya sheria, tiba, kemia. Katikati kuna maneno ya watu wasomaji, yanayozunguka katika kila mada: "inevitable", "coincidence", "reluctant", "plausible". Ngazi hii ya kati ndiyo inayosahaulika. Ya kwanza mtu huipata kwa kuongea. Ya tatu hufafanuliwa darasani, kwa kuwa mwalimu wa biolojia hawezi kufundisha usanisinuru bila kueleza neno lenyewe. Lakini mwalimu huyohuyo ataandika "plausible explanation" ubaoni asiseme "plausible" ni nini, maana halihusu somo lake. Ni maelezo yanayokubalika akilini, yanayoweza kuwa kweli ingawa hayajathibitishwa. Anayelichukulia kuwa "maelezo sahihi" ameipotosha sentensi bila kujua.

Sehemu za neno zisizoandikwa kwenye orodha

Chukua "notorious". Orodha fupi itakwambia ni "maarufu". Mtu akaandika kwamba mwalimu wake wa zamani alikuwa "a notorious teacher", akikusudia kumsifu, kumbe amemtangaza kuwa mtu aliyevuma kwa ubaya. Maana ya msingi, kwamba wengi wanamjua, ni ya kweli. Kilichokosekana ni hukumu iliyofichwa ndani ya neno.

Maneno mengi ya juu yana hukumu ya aina hiyo. Mtu asiyependa kutumia fedha ovyo anaweza kuitwa "thrifty" au "frugal", na hapo anasifiwa, au angalau hashutumiwi. Akiitwa "stingy" au "miserly", ametukanwa. "Parsimonious" linasimama karibu na matusi, ila kwa joho la kisomi. Na katika sayansi linageuka kuwa sifa, kwa sababu nadharia iliyo "parsimonious" ni ile inayoeleza mengi kwa dhana chache. "Childlike" ni kuwa na uwazi wa moyo wa mtoto. "Childish" ni kufanya utoto ukiwa mtu mzima. Maneno haya yanapowekwa pamoja kama visawe, ndipo mwanafunzi anapopotea, kwa sababu tofauti iliyofutwa ndiyo sababu ya mwandishi kuchagua hili akaliacha lile.

Kuna pia suala la maneno yanayoandamana. Kiswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga magoti na hupiga mbizi. Mgeni aliyeambiwa kwamba "piga" ni kugonga kwa nguvu hatafika mbali nalo. Kiingereza kina uandamano kama huo, na kadiri neno linavyokuwa la juu ndivyo linavyozidi kuchagua wenzake. "Abject" hutafsiriwa kuwa "duni kabisa", lakini huwezi kulibandika popote penye uduni. Huenda na "poverty", na "failure", na "apology", na "misery". Huwezi kuliambatisha na viatu au chakula. "Staunch" ni thabiti, lakini ni uthabiti wa mfuasi, mshirika au mtetezi. Ukuta thabiti haumo. "Mitigate" ni kupunguza makali, nalo hutaka kitu chenye makali: hatari, athari, madhara. Bei haifanyiwi "mitigate", hata ikishuka nusu. Na jirani yake "militate", linalofanana nalo kwa sauti, lina kazi nyingine kabisa: hufuatwa na "against", na maana yake ni kuwa kikwazo kwa jambo fulani.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliwahi kuandika, mwaka 1957, kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Wakati wake hiyo ilikuwa kauli ya mtu mwenye sikio zuri. Kompyuta zilipoanza kukusanya mamilioni ya sentensi halisi, ukweli wake ukaonekana hata mahali ambapo wazawa wenyewe hawakuutambua. John Sinclair, mwanaisimu mwingine wa Uingereza, alionyesha kwamba kitenzi "set in", chenye maana ya kuanza na kukita, karibu kila mara hutanguliwa na jambo baya: uozo, kukata tamaa, hali mbaya ya hewa. Hakuna kanuni ya sarufi inayokataza furaha kufanya "set in", lakini sentensi ya namna hiyo humfanya msomaji asite. "Fraught with" ni vilevile. Maana yake ni "kujaa", na kinachojaa ni hatari, matatizo au mvutano. Safari haiwi "fraught with" vicheko.

Halafu kuna sarufi ndogo inayotembea na kila neno. Hali nzuri kwa kusoma ni "conducive to" kusoma, si "conducive for". Mtu hu-"adhere to" kanuni, yaani huzifuata. Sheria hu-"preclude" mtu "from" kufanya jambo, yaani humzuia. Vihusishi hivi vidogo ndivyo vinavyomfichua mtu aliyelijua neno kwa orodha, na ndivyo ambavyo kamusi nzuri ya wanafunzi haikosi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alilitambua hitaji hilo mapema. Kamusi aliyoiandaa na wenzake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, iliandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha, nayo ilionyesha jinsi kila neno linavyofungwa na mengine katika sentensi. Kamusi za wanafunzi za leo zimefuata njia hiyo. Kwa mtu wa ngazi ya juu, ningesema aipe kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya aina hiyo nafasi ya kwanza, na ile ya Kiingereza kwa Kiswahili aitumie kuhakikisha kwamba amefika mahali sahihi.

Sura zinazodanganya

Njia inayosifiwa sana ni ya kujifunza mizizi ya Kilatini na Kigiriki, nami naiunga mkono kwa masharti. Mzizi "loqu" au "loc", wenye maana ya kusema, unaunganisha "eloquent", msemaji fasaha. "Loquacious", mwenye maneno mengi. "Colloquial", ya mazungumzo ya kawaida. "Soliloquy", maneno ya mtu anayejisemea peke yake. Na "circumlocution", kuzungukazunguka bila kusema jambo lenyewe. Mtu akiuona uzi huo mara moja, maneno matano yanakuwa ndugu, na la sita akikutana nalo hatakuwa mgeni kabisa. Hali kadhalika "spect", kutazama: "retrospect" ni kutazama nyuma, "introspection" ni kujitazama ndani, na "circumspect" ni mtu anayetazama pande zote kabla ya kutenda, yaani mwangalifu.

Sharti langu ni hili: mzizi ni wa kukumbukia, si wa kubahatishia. Ukishajua maana, mzizi huishikilia isiponyoke. Ukiutumia kukisia maana usiyoijua, unaweza kukupeleka kombo. "Ped" ya Kilatini ni mguu, ndiyo iliyo ndani ya "pedestrian", mtembea kwa miguu. Iliyo ndani ya "pedagogy" ni ya Kigiriki na inahusu mtoto. Kiambishi "in" mara nyingi hukanusha, lakini "inflammable" ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi, sawa kabisa na "flammable", na ni hatari kulikosea hilo mbele ya pipa la mafuta. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani. Ni kitu chenye thamani isiyokadirika.

Yapo yanayopotosha kwa kufanana tu. "Enervate" linasikika kama ndugu wa "energy", na watu hulitumia kwa maana ya kutia nguvu. Maana yake ni kunyong'onyeza, kumpunguzia mtu nguvu. "Noisome" halihusu kelele hata kidogo. Ni kitu cha kuchukiza, hasa kwa harufu. "Restive" ni mtu au umati usiotulia, anayekaribia kuasi, ingawa ndani yake unadhani unaona "rest". "Meretricious" limewahi kutolewa kama sifa na watu waliodhani linatokana na "merit". Asili yake ni neno la Kilatini la kahaba, na leo ni mvuto wa juujuu usio na kitu ndani.

Kundi gumu kuliko yote ni la maneno ambayo wazawa wenyewe hawakubaliani juu yake. "Peruse" kwa muda mrefu limekuwa kusoma kwa makini, lakini wengi sasa hulitumia kwa kupitia haraka, kinyume chake. "Nonplussed" ni kuduwaa usijue la kufanya. Marekani wengi hulitumia kwa mtu ambaye hakushtuka hata kidogo. "To table" hoja, katika bunge la Uingereza, ni kuileta ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando. "Sanction" ni kuidhinisha na pia ni kuwekea vikwazo, na "oversight" ni usimamizi na pia ni jambo lililopitiwa kwa bahati mbaya, kutegemea sentensi. Kwa maneno haya ushauri wangu ni mfupi: zielewe maana zote mbili unaposoma, na unapoandika jambo zito, chagua neno lingine.

Kulifanya neno likae

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tulichokariri huporomoka haraka katika saa na siku za kwanza, kisha mporomoko hupungua kasi. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa huzaa zaidi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Hayo yamethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na ndiyo msingi wa programu za kadi, zenye swali mbele na jibu nyuma, ambazo hukuletea neno baada ya siku moja, kisha siku kadhaa, kisha wiki. Kabla ya programu hizo, katika miaka ya 1970, Sebastian Leitner alieneza mtindo wa visanduku: kadi uliyoijibu vizuri inahamia kisanduku kinachofunguliwa mara chache zaidi, na uliyoikosa inarudi mwanzo. Karatasi na visanduku bado vinafanya kazi vizuri.

La pili lina uzito uleule. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2006 utafiti ambao wanafunzi wengine walisoma matini tena na tena, na wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Hapa ndipo orodha inapomhadaa mtu: kuipitisha macho usiku kunampa hisia ya kujua, na hisia hiyo ni ya kweli kwa usiku ule tu.

Kwa hiyo kadi na ikuulize, tena ikuulize kwa sentensi. Badala ya kuandika "tenuous" mbele na "dhaifu" nyuma, andika mbele sentensi yenye pengo: "The link between the two events is ____ at best." Nyuma weka "tenuous", na maelezo kwamba ni udhaifu wa kitu chembamba kinachokaribia kukatika, kama uhusiano, ushahidi au madai; mwili dhaifu hauhusiki. Sasa kila unapojipima, unakumbuka maana, mwenzake "link", na hata kile kijitamko "at best" kinachopenda kuandamana nalo.

Jambo moja linalopuuzwa na karibu kila orodha: usijifunze maneno yanayokaribiana kwa siku moja. Majaribio ya Thomas Tinkham, yaliyochapishwa mwaka 1993, yalionyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana hukaririwa kwa shida kuliko maneno yasiyohusiana, kwa sababu yanaingiliana. Anayesoma "frugal", "parsimonious" na "miserly" asubuhi moja atabaki akijua kwamba yote yanahusu fedha, bila kujua lipi ni lipi. Jifunze moja, likae, kisha mlete jirani yake baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo kuyalinganisha kunapokuwa na faida.

Kuhusu kukisia maana kwa kusoma tu, bila kamusi: hufaulu pale maneno mengine yote yanapoeleweka. Watafiti hutaja kiwango cha asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila hamsini. Maneno mageni yakizidi hapo, yakawa moja katika kila ishirini kwa mfano, mazingira hayatoshi tena kukisaidia kichwa. Andiko linalokutoa jasho kila mstari linaweza kuwa zuri kwa mambo mengine, lakini kwa msamiati chagua lililo jepesi kidogo na usome mengi zaidi.

Mwisho ni kuyatumia, na hapa ninaomba subira. Katika lugha yoyote mtu huelewa maneno mengi kuliko anayoyatamka, na pengo hilo si ugonjwa. Mwaka 2006 Daniel Oppenheimer, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha majaribio ambayo maandishi yaleyale yalitolewa kwa maneno mepesi na kwa maneno marefu yaliyobadilishwa bila haja. Wasomaji walimwona mwandishi wa yale marefu kuwa na akili pungufu. "Utilize" haliipi sentensi kitu chochote ambacho "use" imekosa. Neno la juu linastahili nafasi pale linaposema kitu ambacho jepesi halisemi.

"Reluctant" ni mfano mzuri wa neno linalostahili. "Unwilling" ni asiyetaka, na anaweza kukataa kabisa. "Hesitant" ni anayesita kwa kuwa hajaamua. Aliye "reluctant" atafanya, au huenda ameshaanza kufanya, huku moyo ukimvuta nyuma, na Kiingereza hakina neno jepesi linalobeba yote hayo. Lina wenzake wanaoonekana kila mahali: "reluctant to admit", "a reluctant witness", "agreed reluctantly". Ukishakutana nalo kwa waandishi watatu au wanne tofauti, liandike katika barua ya kazi bila woga. "Lugubrious", lenye maana ya huzuni iliyotiwa chumvi, linaweza kukaa miaka mingi upande wa kuelewa tu, na hutapungukiwa na kitu.